Picha za mandhari kwa maganda ya mgomba na udongo: tengeneza yako bila kuharibu shamba la jirani

Asubuhi baada ya mvua, vilima vya Isingiro huonekana kwa tabaka. Kilima cha karibu kina migomba na kijani kilichokolea. Cha nyuma yake kimefifia kidogo. Cha mwisho kinakaribia rangi ya mbingu, na huwezi kujua vizuri kilipoishia. Ukiishi Nakivale, jambo hili unaliona kila siku, pengine bila kulifikiria.

Makala hii inakueleza jinsi ya kulihamishia kwenye kipande cha katoni, kwa kutumia vitu ambavyo vingi viko karibu na nyumba yako: maganda makavu ya mgomba, majani ya mahindi, udongo wa rangi mbalimbali, mkaa na gundi. Ni picha ya kuchanganya: sehemu unapaka rangi, sehemu unabandika. Kazi za namna hii zinajulikana Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na huuzwa kama kadi za salamu au picha za ukutani.

Tunaeleza pia mambo matatu ambayo mafunzo mengi huyaruka: namna ya kupata malighafi bila kugombana na wenye mashamba wala kueneza ugonjwa wa migomba, namna ya kupanga bei, na namna ya kuwatambua matapeli wanaowalenga wasanii wakimbizi.

Sanaa hii si ngeni kwetu

Kabla ya rangi za dukani, watu wa eneo letu walipaka kwa udongo. Huko Nyero, wilaya ya Kumi, mashariki mwa Uganda, kuna michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe kwenye miamba, na bado inaonekana hadi leo. Nchini Rwanda kuna imigongo, sanaa ya kuta na mbao inayotengenezwa kwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu, kisha ikapakwa hasa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Waganda wana lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho utengenezaji wake uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008.

Basi usidhani kwamba kutumia udongo na maganda ni kwa sababu ya umaskini tu. Rangi ya udongo hukaa muda mrefu kuliko rangi nyingi za bei rahisi, na ganda la mgomba lina michirizi ambayo hakuna brashi inayoweza kuiiga.

Kwanza: malighafi, na ruhusa ya kuzichukua

Anza na vitu ambavyo vingetupwa: majani yanayofunika gunzi la mahindi, maganda ya vitunguu, maganda ya mayai, mapumba ya mpunga, mabaki ya vitambaa kwa fundi cherehani, unga wa mbao kwa seremala, nyuzi za magunia yaliyochakaa, na katoni tupu za dukani.

Ganda la mgomba ndilo malighafi kuu. Lile tunalolitaka ni lile la nje ya shina, lililokauka lenyewe na kuanza kujitenga. Shina moja linaweza kukupa rangi nyingi: nyeupe ya maziwa, manjano ya nyasi kavu, kahawia, na karibu nyeusi pale lilipokaa na unyevu.

Lakini sikiliza vizuri. Majani na maganda makavu shambani si takataka. Mkulima huyatandaza chini ya migomba ili kushika unyevu na kurutubisha udongo. Ukiyachukua bila kuuliza, umechukua mbolea ya mtu. Mwombe mwenye shamba, mweleze ni ya nini na unahitaji kiasi gani. Mafungu mawili ya mkono yanatosha kadi nyingi. Wengine hukubaliana kulipana kidogo, wengine kubadilishana kwa kazi au kwa picha. Kama shamba liko mbali na kwenu na hamjuani, pitia kwa mwenyekiti wa LC1 wa kijiji hicho. Upande wa wakimbizi, mwenyekiti wa RWC anaweza kukutambulisha.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kuna ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria. Uligunduliwa Uganda mwaka 2001, na umeharibu mashamba mengi katika nchi za Maziwa Makuu. Unapita kwa urahisi kwenye kisu au panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima. Dalili zake ni majani kugeuka manjano na kunyauka, ua la mwisho wa mkungu kusinyaa, ndizi kuiva kabla ya wakati wake, na usaha wa manjano kutoka pale shina linapokatwa. Kwa hiyo fuata haya:

- Usikate mgomba ulio hai. Vuta kwa mkono ganda lililokauka na kujiachia tu.
- Ukilazimika kutumia kisu, kisafishe kabla ya kuhamia mgomba mwingine: kipitishe motoni mpaka chuma kipate moto sana, au kitumbukize kwenye maji yaliyochanganywa na jik.
- Ukiona dalili za ugonjwa, usiguse kitu, toka shambani na umwarifu mwenye shamba mara moja. Atakushukuru.

Wewe mwenye shamba unayesoma haya, una haki ya kuuliza kisu cha mgeni kimetoka wapi. Una nafasi pia: maganda safi yaliyochambuliwa na kufungwa vizuri ni bidhaa ambayo kikundi cha wasanii kinaweza kununua kwako kila mwezi.

Mafunjo ya ziwani yaache. Ziwa Nakivale na mabwawa yake ni sehemu ya ardhi oevu inayolindwa kimataifa tangu mwaka 2006 chini ya mkataba wa Ramsar, na ukingoni kuna viboko. Usichubue miti hai wala kuvunja matawi. Ukihitaji gome, tafuta lililoanguka.

Mwisho, kuna mimea ya hatari. Usitumie mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi hata kama zinapendeza: zina sumu inayoweza kuua, na mtoto hatasita kuzitia mdomoni. Vivyo hivyo mbegu za mbono. Epuka pia miti ya uzio yenye utomvu mweupe, kwani utomvu huo ukiingia jichoni unaumiza vibaya.

Kuandaa maganda

1. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usiloweshe.
2. Anika juani siku mbili au tatu, juu ya mkeka au bati, si chini kwenye udongo. Ganda likibaki na unyevu litaota ukungu ndani ya picha, na wadudu watafuata.
3. Likunjue, liweke kati ya karatasi mbili na ulipige pasi ya mkaa yenye joto la wastani. Pasi kali sana hulibadilisha rangi, ingawa ukizoea unaweza kuitumia makusudi kupata kahawia ya vivuli.
4. Panga kwa rangi: zilizofifia upande mmoja, zilizokolea upande mwingine. Hii ndiyo hatua inayookoa muda baadaye.

Rangi za udongo

Chukua udongo wa rangi tofauti: mwekundu wa kando ya barabara, wa manjano, wa kijivu, mweupe wa kupakia nyumba. Hauhitaji mwingi, kopo dogo la kila rangi linatosha. Usichimbe shimo barabarani wala kwenye uwanja wa mtu.

Kausha, twanga, kisha tia kwenye ndoo ya maji na ukoroge. Ngoja kidogo ili mchanga utulie chini, halafu mimina maji yenye rangi kwenye chombo kingine. Yaache usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa juu na matope laini chini. Mwaga maji, anika matope, saga tena. Huo ndio unga wa rangi. Mkaa uliosagwa hukupa nyeusi kwa njia hiyo hiyo.

Kupaka, changanya kijiko 1 cha unga na kijiko 1 cha gundi nyeupe, kisha ongeza maji kidogo kidogo. Paka mahali padogo, acha pakauke, pitisha kidole. Kidole kikitoka na rangi, ongeza gundi. Rangi ikimeta na kupasuka, gundi imezidi.

Bluu haitoki kwenye udongo wetu. Tumia bluu ya kufulia ikipatikana dukani, au nunua kopo moja dogo la rangi ya maji. Kijani ndiyo mtego wa wanaoanza. Maji ya majani mabichi yanatoa kijani kizuri siku ya kwanza, lakini jua huyafifisha haraka, kama linavyofifisha manjano ya binzari. Kwa picha ya kuuza, changanya bluu na udongo wa manjano upate kijani kinachodumu.

Gundi

Gundi nyeupe ya maseremala ndiyo bora: ikikauka haionekani na wadudu hawaipendi kama gundi ya unga. Ukikosa, pika gundi ya muhogo. Koroga vijiko 3 vya unga kwenye maji ya baridi kidogo, kisha mimina katika kikombe 1 cha maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka iwe laini na ya kung'aa. Itumie siku hiyo hiyo au kesho yake. Baada ya hapo huchacha. Inavutia mende na mchwa, kwa hiyo picha za muhogo zisitundikwe ukutani bila kuziba vizuri mgongo na kingo zake.

Na kama unga wa nyumbani ni wa kubahatisha, usiugeuze gundi. Kwangua sufuria ya uji badala yake. Tangu chakula cha msaada kilipopunguzwa, hakuna picha yenye thamani kuliko kijiko cha mtoto.

Kutengeneza picha, hatua kwa hatua

*Ubao.* Kata vipande viwili vya katoni vya ukubwa sawa. Vibandike pamoja, mistari ya kimoja ikielekea juu na ya kingine ikielekea kando. Hivyo ubao haukunji. Paka mchanganyiko mwepesi wa gundi na udongo mweupe pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja tu, ukikauka utapinda. Weka chini ya mawe usiku kucha.

*Mchoro.* Chora kwa penseli mistari michache tu. Kwanza mstari ambapo ardhi inakutana na mbingu. Usiuweke katikati: kama unataka mbingu itawale, ushushe, kama unataka kuonyesha mashamba na njia, upandishe. Kisha chora mawimbi matatu ya vilima: cha mbali, cha kati, cha karibu.

*Mbingu na maji.* Hizi paka kwa rangi, usibandike. Loweka brashi vizuri, anza na bluu nyepesi juu, na kadiri unavyoshuka ongeza maji mpaka karibu na vilima ibaki nyeupe. Ziwa hupokea rangi ya mbingu. Lipake kwa mistari iliyolala.

*Kilima cha mbali.* Tumia ganda lililofifia na laini kabisa, lisilo na michirizi mikubwa. Chana kwa mkono badala ya kukata kwa mkasi, kwa kuwa ukingo uliochanika unafanana zaidi na mgongo wa kilima. Bandika, kisha pitisha juu yake rangi nyepesi sana ya bluu na nyeupe. Hapo kilima kitarudi nyuma chenyewe.

*Kilima cha kati.* Sasa tumia kahawia na manjano. Elekeza michirizi ya ganda kufuata mteremko. Vipande vyembamba vya jani la mahindi huwa mashamba. Nukta za ganda la kitunguu huwa nyumba za matofali zilizo mbali. Ukiwa na kipande cha lubugo kilichobaki, hapa ndipo mahali pake.

*Sehemu ya karibu.* Hapa weka vitu vikubwa, vyenye rangi iliyokolea na vinavyoshikika: udongo mwekundu wenye chembe kwa ajili ya njia, nyuzi za gunia kwa nyasi, mapumba ya mpunga kwa ardhi iliyolimwa, ganda jeusi la mgomba lililochanwa kwa majani ya migomba. Shina la mti lisizidi upana wa kidole. Kama unapenda, weka ng'ombe mmoja mwenye pembe ndefu, kama wale wa Ankole. Lakini mmoja au wawili wanatosha.

Kanuni ni moja tu: kilicho mbali kiwe kidogo, laini na kilichofifia, kilicho karibu kiwe kikubwa, chenye kukwaruza na kilichokolea. Ukiisahau kanuni hii, hata kazi nzuri ya mikono inaonekana kama vitu vilivyobandikwa ovyo.

*Kumaliza.* Funika kwa karatasi safi, weka mzigo juu kwa siku moja. Kisha paka juu yote gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, mara mbili, ukisubiri ikauke kati ya mara hizo. Ziba mgongo kwa karatasi.

Nakivale au nyumbani?

Watu wengi wakikaa mbele ya katoni tupu huchora walikotoka: vilima vya Masisi na malisho yake, mlima Nyiragongo unaowaka usiku juu ya Goma, bonde la Ruzizi, Ziwa Tanganyika likionekana kutoka Uvira. Ni haki yako. Picha inaweza kumwonyesha mtoto aliyezaliwa makazini mahali ambapo babu yake alilima.

Lakini kumbukumbu haziji peke yake. Mtu anaanza na mti wa uani, na mti unamleta aliyekuwa amekaa chini yake. Ukiona mikono inatetemeka au machozi hayaishi, weka kazi pembeni. Si lazima umalize. Chora ziwa la hapa, au ua moja. Walimu na viongozi wa vikundi, msiwalazimishe watoto kuchora nyumba waliyoikimbia, wala kueleza picha yao mbele ya wengine au mbele ya wageni. Kama huzuni inakuzuia kulala au kula kwa siku nyingi, nenda kituo cha afya uombe kuonana na mshauri.

Kupanga bei

Sheria ya Uganda ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara. Kinachowaumiza wengi ni kuuza kwa bei ya hasara kwa sababu malighafi ni "ya bure". Muda wako si wa bure.

Piga hesabu hivi, kwa mfano tu. Umetumia shilingi 8,000 kwa gundi, brashi na rangi, ukatengeneza kadi 10: hiyo ni shilingi 800 kwa kadi. Bahasha ni 300. Kila kadi imekuchukua saa moja na nusu, na umeamua saa yako ni shilingi 2,000: hiyo ni 3,000. Jumla ni shilingi 4,100. Mteja akitaka kwa 3,000, hujapata faida; umemlipia wewe. Mnunuzi wa jumla akitaka punguzo, punguza kwa kurahisisha kadi, si kwa kusahau saa zako.

Kama mnafanya kazi kikundi cha wakimbizi na wenyeji pamoja, andikeni kwenye daftari moja mapato, matumizi na mgawo wa kila mtu, na wajumbe wawili watie sahihi kila mwisho wa mwezi. Mnunuzi wa nje ya nchi akitaka picha, mweleze wazi kwamba ina mimea mikavu. Nchi nyingi hukagua vitu vya mimea mpakani, na mbegu nzima ndizo hukataliwa kwa urahisi. Ni sababu nyingine ya kutozibandika.

Tahadhari: matapeli

Mtu akikuambia kwamba picha zako zitakupeleka Ulaya, Marekani au Kanada ukimlipa "ada ya maonyesho" au "ada ya fomu", huyo ni tapeli. Sanaa haiongezi wala haipunguzi nafasi yako ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Huduma zote za UNHCR na washirika wake ni bure. Usimpe mtu picha ya kadi yako ya mkimbizi, nambari ya kesi wala namba ya siri ya pesa za simu. Toa taarifa kwenye dawati la ulinzi, ofisi ya OPM au kituo cha polisi kilicho karibu.

Na mtu akipiga picha kazi yako, muulize ataitumia wapi. Andika jina lako, au jina la kikundi, na mwaka nyuma ya kila kadi kabla haijatoka mkononi mwako. Kama hutaki jina lako lijulikane kwa sababu za usalama, tumia alama ndogo unayoijua wewe.

Anza na kadi moja

Usikusanye gunia la maganda siku ya kwanza. Mwombe jirani ganda moja kavu, tafuta katoni yenye upana wa kiganja na udongo wa rangi mbili. Tengeneza vilima vitatu na mbingu. Ukimaliza, isimamishe ukutani, rudi nyuma hatua tano na uitazame. Kama kilima cha mwisho kinaonekana kuwa mbali, umeshajifunza. Kama bado kiko karibu, pitisha juu yake rangi nyepesi mara moja zaidi.

Kisha irudishe kwa jirani aliyekupa ganda, umwonyeshe limekuwa nini. Mara nyingi ganda la pili hutolewa bila kuombwa.